Kesi ya kabla ya risasi

Kaskazini mwa Katanga kuna familia zilizopata kinga yao kwa njia ya ajabu: walitoa bunduki, wakapewa baiskeli. Ilikuwa kazi ya PAREC, programu ya makanisa iliyoongozwa na Pasta Daniel Ngoy Mulunda, katika miaka iliyofuata vita ya 1998 hadi 2003. Mtu alikuja na silaha begani, akarudi kijijini akiendesha kinga. Kuna waliocheka, lakini hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kinga inabeba mihogo mpaka sokoni. Bunduki inabeba matata mpaka nyumbani.

Bunduki za namna ile hazikuwa na karatasi. Zilitoka vitani, zikapita mikono mingi, na hakuna aliyeweza kusema jana zilikuwa kwa nani wala kesho zitakuwa wapi. Mama aliyekimbia Mitwaba, Pweto au Manono, eneo ambalo watu waliliita pembe tatu ya kifo, anajua mlio wake bila kufundishwa. Na aliyefika Lubumbashi akidhani sasa amepona, alikutana na mlio huohuo tarehe 23 Machi 2013, siku Mai-Mai Kata Katanga walipoingia mjini na watu wakafa.

Sasa mwambie mama huyo kwamba kuna nchi ambako watu wanapelekana kortini miaka na miaka kwa ajili ya bastola za mchezo. Mwambie ni mchezo wa kweli, uko katika Olimpiki tangu 1896, na kwamba mtu anasimama mita 25 kutoka kwenye shabaha, anatuliza pumzi, anapiga, kisha anahesabiwa pointi. Atacheka kwanza. Halafu atauliza: “Na nani aliwapa hizo bunduki?”

Swali hilo ndilo kesi yenyewe. Na nchi ya kulitazama haiko mbali. Ni Afrika Kusini, kule kunakotoka malori mengi yanayokatiza Zambia mpaka Kasumbalesa.

Zamani kule, ruhusa ya kumiliki bunduki ilikuwa ya maisha. Ukishaipata, imekwisha, unazeeka nayo. Sheria mpya ya silaha ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, ikabadilisha mambo. Ruhusa ikawa na tarehe ya kufa. Bastola ya kujilinda inapewa miaka 5. Silaha ya mwanamichezo inapewa miaka 10, na kama anataka ruhusa ya mchezaji wa kudumu, ni lazima awe mwanachama wa chama kinachotambuliwa na serikali. Silaha ilale ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Na siku 90 kabla ya ruhusa kwisha, mwenyewe apeleke ombi la kuifanya upya, aeleze tena kwa nini anaihitaji.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Kuna waliosahau tarehe na kuna waliochelewa. Walipofika polisi wakaambiwa muda umepita, ombi halipokelewi. Mtu aliyekuwa mwanamichezo mwenye heshima jana, leo amelala na silaha isiyo halali, na kosa hilo linaweza kumpeleka gerezani. Akiendelea kukaa nayo anavunja sheria. Akiibeba kuipeleka polisi anaogopa kukamatwa nayo.

Chama cha wawindaji wa Afrika Kusini kikaenda kortini. Mwaka 2017 Korti Kuu ya Pretoria ikawapa haki: ikasema vifungu viwili vya sheria hiyo vinapingana na katiba. Lakini neno la namna hiyo halina nguvu kule mpaka Korti ya Katiba ilikubali, na tarehe 7 Juni 2018 Korti ya Katiba ikakataa. Mahakimu walisema kumiliki bunduki si haki iliyoandikwa katika katiba. Ni ruhusa inayotolewa na sheria. Mwenye silaha anajua tarehe yake tangu siku ya kwanza, na anajua la kufanya tarehe hiyo ikifika. Asiyefanya asiseme alionewa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi uliofuata, chama kingine cha wenye silaha kilipata amri ya muda ya kuzuia polisi wasichukue bunduki kwa sababu tu karatasi yake imekwisha muda. Amri hiyo ilidumu miaka miwili, mpaka Korti Kuu ya Rufaa ilipoifuta Julai 2020. Katikati ya hayo yote serikali ilifungua vipindi vya msamaha, kuanzia Desemba 2019, ili mwenye silaha ya namna hiyo aipeleke polisi bila kushitakiwa na aombe ruhusa upya.

Kwa masikio ya mtu aliyehama kijiji chake, ni rahisi kusema wanamichezo hao walikuwa watu wa kiburi, wenye pesa ya kulipa avoka kwa ajili ya mchezo. Lakini hofu yao moja ilikuwa na msingi. Mwaka 2016 kanali mmoja wa polisi wa Afrika Kusini alifungwa miaka 18 kwa sababu aliuza bunduki zilizokuwa mikononi mwa polisi, zipatazo 2,000, zikafika kwa magenge ya wahalifu ya Cape Town. Nyingine zilikuwa zimerudishwa na raia wenyewe. Raia alifuata sheria, akapeleka silaha yake ikaharibiwe, na silaha ikatokea mlango wa nyuma ikaenda kuua watoto wa watu. Anayesema “siwezi kuwapa bastola yangu mpaka nijue mtaiweka wapi” hasemi upuuzi. Watu wa Katanga wanaelewa hilo kuliko wengi. Silaha kutoka ghala la serikali na kuingia porini si hadithi ngeni huku.

Upande mwingine wa mizani uko Ujerumani. Tarehe 11 Machi 2009, katika mji mdogo wa Winnenden, kijana wa miaka 17 aliua watu 15, wengi wao wanafunzi na walimu wa shule aliyosomea, halafu akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake. Baba alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha na silaha zake zilikuwa na karatasi zote. Sanduku la chuma lilikuwapo pia. Lakini bastola hiyo moja ilikuwa chumbani, nje ya sanduku. Baba alishitakiwa na kupewa kifungo cha nje. Wazazi waliofiwa nao wakaenda Korti ya Katiba ya Ujerumani, wakidai kwamba sheria inayoruhusu silaha kali kwa ajili ya mchezo haiwalindi watu. Mwaka 2013 korti ikawakatalia: kuchagua njia ya kulinda watu ni kazi ya bunge, na sheria iliyokuwepo haikuwa ovyo kiasi cha kuvunjwa na mahakimu.

Basi, Afrika Kusini waliokwenda kortini ni wenye bunduki, wakasema sheria inabana mno. Ujerumani waliokwenda ni waliozika watoto, wakasema sheria imelegea. Wote wawili walishindwa, na korti zote mbili zilirudi mahali pamoja: bunduki ya mchezo inabaki chini ya sheria, na sheria inatungwa na wale waliochaguliwa na wananchi.

Na Kongo? Karatasi ipo. Sheria ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985, wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, nayo inamtaka raia awe na ruhusa kabla ya kumiliki silaha. Hata makubaliano ya nchi za Afrika ya Kati kuhusu silaha ndogondogo yana jina la mji wetu mkuu: Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa Aprili 2010 na kuanza kutumika Machi 2017. Kwa maandishi, nchi haina njaa.

Lakini kesi za bunduki ambazo watu wa Katanga wanazikumbuka ni za aina nyingine. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006. Tribinali ya kijeshi ilikaa Kipushi, mashahidi wakasema waliyoyaona, na mwaka 2009 akahukumiwa kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2011 akatoroka gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, pamoja na mamia ya wafungwa. Vijiji vikaanza kukimbia tena.

Hiyo ndiyo kesi ya baada ya risasi. Inakuja wakati nyumba imeshaungua, wafu wameshazikwa, na mama ameshafika mjini na mtoto mgongoni. Hata ikitoa hukumu kali namna gani, hairudishi shamba. Kesi ya bastola ya mchezo ni ya kabla ya risasi. Hapo watu wazima wanabishana juu ya tarehe, juu ya kufuli, juu ya nani aandike jina lake kwenye daftari, na katika ugomvi huo wote hakuna aliyekufa. Inachosha, inakula pesa, inaweza kudumu miaka. Ila familia iliyolala chini ya mti njiani kutoka Pweto ingeichagua bila kufikiri mara mbili.

Siku moja mtu wa Lubumbashi ataomba ruhusa ya bastola ya shabaha, akataliwe, ampeleke mkubwa wa ofisi kortini. Majirani watasema ni mambo ya matajiri. Wakiwa na nafasi, waende wakasikilize. Wasikie kama kuna anayeuliza silaha italala wapi, funguo atakaa nazo nani, na ruhusa ikiisha bunduki itakwenda wapi. Maswali hayo matatu yangeulizwa mapema kaskazini, pengine kinga zile zingenunuliwa tu sokoni, kama kinga nyingine zote.