Fishi iliyobaki kambini

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, mama mmoja wa Masisi alikuwa katika mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Alikuwa anaishi katika kambi ya wakimbizi upande wa Sake. Siku ya kukimbia alishika watoto wake wawili, sufuria na kitenge. Fishi yake ya matibabu ilibaki ndani ya hema, chini ya godoro.

Wiki tatu baadaye alifika kwenye kituo kingine cha afya, bado anakohoa. Benchi lilijaa watu. Muganga akamuuliza kwa sauti: «Mama, fishi iko wapi? Ulikuwa unakunywa dawa gani?»

Mama akaangalia majirani waliokaa karibu yake. «Sina fishi, muganga. Ni kikohozi cha vumbi tu.»

Akapewa dawa ya kikohozi, akarudi alikopata pa kulala: nyumba moja, familia tatu. Aliogopa kwamba wakisikia jina la ugonjwa wake watamfukuza na watoto. Lakini dawa za kifua kikuu cha kawaida zinanywewa miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa nne pamoja, halafu minne dawa mbili. Mtu akikatisha, ugonjwa unaweza kurudi na kuzoea dawa, na waliolala naye chumba kimoja wanaweza kuambukizwa.

Mama huyo alikosa vitu viwili. Habari za matibabu yake hazikumfuata alikokimbilia, na hakupata mahali pa kuzisema kwa siri.

Kuna wataalamu wa kompyuta wanaosema blokicheni inaweza kusaidia katika mambo hayo yote mawili. Ni teknolojia iliyojulikana kupitia pesa za bitcoin, zilizoanza 2009. Ni kama kikundi cha kuweka akiba ambacho kila mwanachama ana nakala ya daftari nyumbani kwake. Mweka hazina akifuta tarakimu moja, madaftari ya wenzake yatamuumbua. Tena, kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchomoa ukurasa wa katikati bila kujulikana.

Lakini ugonjwa wenyewe haufai kuandikwa katika daftari la namna hiyo, kwa sababu nakala ni nyingi na kilichoandikwa hakifutiki. Estonia, nchi ya Ulaya yenye watu karibu milioni 1.3, ilianza mwaka 2016 kutumia teknolojia ya aina hii kulinda habari za wagonjwa. Habari zenyewe zinabaki katika kompyuta za afya. Kinachoingia katika mnyororo ni muhuri tu, uliotengenezwa kutokana na maandishi. Mtu akibadilisha herufi moja, muhuri haulingani tena. Na mgonjwa anaweza kuona nani alifungua habari zake.

Karibu zaidi na maisha ya kambi, PAM ilianza mwaka 2017 kutumia blokicheni katika kambi ya Azraq, Jordan. Wakimbizi wa Siria walilipia chakula dukani kwa kupimwa jicho. Hiyo lakini ilikuwa hesabu ya chakula, si siri ya ugonjwa.

Katika mipango mingi ya namna hii, mgonjwa ndiye anayeshika ufunguo, mara nyingi ndani ya simu. Mama huyo alikimbia bila simu. Na kama angekuwa nayo, angeichaji wapi? Mume au mwanajeshi akiinyang'anya, nani atazuia isifunguliwe? Tena, muganga akiandika kosa, mnyororo utalitunza kosa hilo vilevile. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inayolinda habari za mtu binafsi, lakini sheria hiyo haifungi mlango wa chumba cha kupokea wagonjwa.

Mlango huo ulifungwa siku nyingine. Mama alirudi kituoni, kikohozi kimezidi, akakuta muganga mwingine. Huyo alimwingiza chumba cha ndani. «Mama, humu tuko wawili tu.»

Akasema yote: mwezi aliofikia, rangi ya vidonge, kituo alichoanzia. Alipimwa makohozi upya, akaandikiwa fishi mpya. Aliitia katika mfuko wa plastiki, akaifunga ndani ya kitenge. Juma lililofuata alileta watoto wake wawili, nao wakapimwa.

Anayekunywa dawa za muda mrefu afundishe kichwa chake mambo matatu: jina la dawa, mwezi aliofikia, na kituo alichoanzia. Na akiulizwa mbele ya watu, ana haki ya kuomba kusemea pembeni.