Bayi Tuliyemsikia Redioni Somanda

Mwaka 1974 Somanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Februari ni mwezi wa palizi, na habari za mbio za Christchurch, New Zealand, zilitukuta mashambani kwenye pamba. Baba mkubwa alikuwa na redio, betri zake zikichoka tunazianika juani. Jioni tukajaa uani kwake, wazee kwa vijana, kusikiliza Radio Tanzania: Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, ameshinda mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967, imevunjwa.

Kilichotuingia moyoni zaidi ni namna alivyoikimbia. Mbio zile watu huviziana, wakingoja mzunguko wa mwisho ndipo wachomoke. Bayi alishika uongozi mapema, akawaacha wenzake, na John Walker wa New Zealand alipomkaribia mwishoni hakumpata. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Tangu hapo watoto wa Somanda hawakukimbia tena kwa kuviziana. Kila mmoja alitaka kuongoza tangu hatua ya kwanza. Mei 1975, kule Kingston, Bayi akavunja na rekodi ya maili: 3:51.0.

Kisha ukaja 1976. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tuliunga mkono, na leo ningeunga mkono tena. Lakini inaniuma. Walker alikwenda, akachukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Kwangu mimi dhahabu ile ilikuwa ya Bayi.

Moscow 1980 alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa ujasiri uleule, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Akapata fedha. Kesho yake Suleiman Nyambui, mwenzetu wa Kanda ya Ziwa kutoka Majita, naye akapata fedha ya mita 5000.

Tangu siku zile mbili, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.