Kicheko Kinapoficha Ushahidi

Nilianza kuandikia runinga vichekesho mwanzoni mwa miaka ya 1990, KTN ilipokuwa changa na KBC haikuwa tena peke yake hewani. Kabla ya hapo nilikuwa mtazamaji tu, na mtazamaji wa Kenya wa rika langu alilelewa na vipindi viwili: Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vioja ilitufundisha mwenendo wa kesi hata kabla hatujakanyaga korti: mshtakiwa kizimbani, kiongozi wa mashtaka, shahidi anayeapa kisha anajikanganya, hakimu wa kukata shauri. Tulicheka, na huku tukicheka tulikuwa tukipima nani anasema kweli. Watu wakiniuliza nilivukaje kutoka vichekesho hadi riwaya za upelelezi, huwaambia kwamba kwetu mambo hayo mawili yamekaa benchi moja tangu zamani.

Kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, hubaki dakika 22 hivi. Waigizaji wengi niliofanya nao kazi walitoka jukwaani na hawakupenda kukariri. Tuliwapa muhtasari wa onyesho, wao wakaujaza maneno. Kazi yangu ilikuwa kupanga nani anajua nini, na anakijua lini. Mwigizaji mmoja mtu mzima, ambaye studio nzima ilimwita Mama, alinirudishia karatasi zangu akasema, "Mwanangu, maneno ninayo. Wewe niambie huyu mwanamke anataka nini, na anamficha nani." Sijapata somo la uandishi lililozidi hilo. Mume ameuza mbuzi wa mkwewe; mke anajua; mume hajui kwamba mke anajua. Hapo hata "umeamkaje" inavunja watu mbavu.

Namtaja kwa heshima mwigizaji wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyetuaga Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang' wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi mkubwa hata watazamaji wengi wakaamini ni Mjaluo. Nilipokuja kuandika mauaji nililikumbuka jambo hilo. Shahidi aliyesikia ugomvi nyuma ya ukuta amesikia sauti tu. Mwenye sauti bado hajulikani.

Kilichonitoa kwenye vichekesho ni sheria yao moja ngumu: mwisho wa kila kipindi lazima kila mtu arudi mahali pake. Tajiri abaki tajiri, bawabu abaki langoni, ugomvi uishe ili wiki ijayo uanze upya. Nililitumikia sharti hilo miaka mingi kwa moyo wote, na bado naliheshimu, kwa sababu watu waliochoka na kazi ya siku walihitaji kuwakuta wale wale wakiwa salama. Lakini nilianza kutamani kuandika tendo lisilorekebishika, ambalo baada yake hakuna anayeweza kurudi alipokuwa. Kifo ni tendo la namna hiyo.

Nikarudi kusoma. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyefanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 la East African Literature Bureau na ikachapishwa 1960. Wengi humwita Bwana Msa, mpelelezi wa visa vya Abdulla, na kiko chake, Sherlock Holmes wa Kiswahili, na undugu huo upo. Mimi niliyemtazama zaidi ni rafiki yake Najum. Katika visa hivyo Najum yuko hapo hapo, anaona yale yale anayoyaona Msa, ila hajui ameona nini. Nikasema: huyu namfahamu! Ni yule mume wa mbuzi. Tofauti ni kwamba kwenye kichekesho mtazamaji husimama upande wa mwenye kujua, na kwenye upelelezi msomaji huketishwa upande wa asiyejua, ushahidi wote ukiwa mapajani mwake.

Nitaeleza ninavyofanya, kwa sababu vijana huniuliza. Katika riwaya yangu ya kwanza, mwenye ploti mmoja wa Nairobi ameuawa. Sura za mwanzo zina kisa cha kuchekesha cha usiku wa mauaji: mpangaji wa ghorofa ya pili ameishiwa stima, jirani wa chini amemnunulia tokeni kwa simu, na sasa anamsomea zile tarakimu 20 kwa sauti kupitia dirishani ili azibonyeze kwenye mita. Akisema nane, wa juu anasikia nne. Wapangaji wanatoka na ndala zao kusaidia, kila mmoja na masahihisho yake. Keateka anataka waanze upya, mama wa chapati anawatukana wote, hadi mtoto wa darasa la tano anaichukua ile simu na kusoma tarakimu tatu tatu. Ploti nzima inapiga makofi, watu wanarudi ndani. Kurasa nyingi baadaye, mpangaji yule anamwambia mpelelezi kwamba usiku ule alikaa gizani, hangeweza kuisoma barua iliyopatikana mezani kwake. Msomaji anamwamini. Makofi aliyasikia, lakini taa iliyowaka na kusababisha makofi hayo haikumkaa akilini, maana alikuwa anacheka.

Vichekesho pia ndivyo vilivyonipa mashahidi wangu. Bawabu, kijakazi, keateka, muuza mayai ya kuchemsha: hawa ndio waliobeba vipindi vyetu mabegani, na ndio wanaojua nani aliingia saa ngapi na viatu vyake vilikuwa na tope gani. Wakubwa huzungumza mbele yao kana kwamba hakuna mtu. Siwezi kuandika upelelezi wa Nairobi bila wao, na sikubali wawe wa kuchekesha tu. Katika vitabu vyangu wanapewa nafasi ya kuapishwa na kusikilizwa mpaka mwisho.

Upande wa polisi nilijifunza polepole. Afisa mstaafu hunisomea miswada na kunionyesha jinsi taarifa inavyoandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, nani anaruhusiwa kugusa mwili, na kwa nini daktari wa maiti hasemi saa ya kifo kwa uhakika wanaoutaka watunzi. Upande wa soko ni mgumu zaidi. Vitabu Kenya huuzwa hasa kupitia shule, na riwaya ya mauaji isiyo kwenye orodha ya shule hutafuta wasomaji wake mmoja mmoja. Inawapata, hasa kwenye matatu za jioni, na ninaandika nikiwafikiria hao.

Sasa niko kwenye mswada unaotokea Kisumu, ufuoni Dunga, miongoni mwa wachuuzi wa samaki. Muuaji nimemjua tangu sura ya kwanza. Ninayemtafuta ni yule atakayewachekesha watu muuaji akipita.