Kutoka Shinkolobwe hadi kwenye Antena

Nilihamia Ganshoren, Brussels, kusomea shahada ya uzamili nikiwa na nia moja: vinu vya kupasua atomi. Mtu wa Likasi, Kongo, hahitaji kuulizwa kwa nini. Mgodi wa Shinkolobwe uko jirani nasi, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa pale. Kutoka dirishani kwangu Avenue Van Overbeke niliiona Atomium, mnara uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958, nikizidi kuwaza kwamba elimu hii imechota kwetu na haikutuachia hata darasa.

Kilichonigeuza, kutoka kupasua atomi hadi kuziunganisha, ni antena. Tulipelekwa Jülich, Ujerumani, ambako maabara ya plazma ya Chuo cha Kifalme cha Kijeshi cha Brussels ilishirikiana na wenyeji kwenye tokamaki ya TEXTOR, mashine ya utafiti wa kuunganisha atomi iliyoshikilia plazma, yaani gesi ya chembe zenye chaji, kwa sumaku. Pale nikaonyeshwa antena iliyopasha plazma moto kwa mawimbi ya redio. Baba yangu alikuwa fundi redio! Katika uga wa sumaku wa tesla moja, protoni huzunguka takriban mara milioni 15 kwa sekunde. Tesla mbili, milioni 30. Ukirusha wimbi la masafa hayohayo, chembe hupata nguvu kila mzunguko, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Nilimpigia baba simu usiku uleule. Alielewa kabla sijamaliza.

TEXTOR ilizimwa mwaka 2013, lakini mimi sikurudi kwenye urani. Nilizama katika ugumu ambao wageni hawauoni: tatizo si katikati tu, penye joto kali. Liko pia ukingoni, sentimita chache mbele ya antena, ambako plazma ni nyepesi mno na wimbi halisafiri. Ukiisogeza antena karibu, inachomeka na kuchafua plazma. Ukiirudisha nyuma, nguvu haifiki. Antena ya Wendelstein 7-X, mashine nyingine ya plazma kule Greifswald, ilibidi ipindwe ifuate umbo la plazma yenyewe. Naipenda kazi hiyo kwa moyo wote.

Siku hizi mama huniuliza kama mtambo wangu nao unataka madini yetu. Namjibu kweli: tritiamu, moja ya fueli zake, hutengenezwa kutokana na lithiamu, na lithiamu nyingi iko kwetu Manono. Ndiyo maana nawaandikia wanafunzi wa Lubumbashi waombe nafasi sasa, kabla mashine hizo hazijaanza kuuza umeme.