Wageni wa Kwanza

Msomaji wangu, kama umepata kusafiri kwa gari kutoka Meru kwenda Embu, umepita Nkubu, ukapita Chuka, ukavuka mto Thuci, huku Mlima Kenya ukikusindikiza mkono wa kuume. Njia hiyo ndiyo aliyoifuata mama mkwe wangu mwaka wa 2018, amebeba chupa ya uji na wasiwasi mkubwa. Binti yake, mke wangu, alikuwa amejifungua katika hospitali moja ya Embu majuma tisa kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na uzito wa gramu 1,400, na vidole vyake vilikuwa kama njiti za kiberiti. Alilazwa katika kisanduku cha kioo chenye joto, akalishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani hata tumboni.

Mimi ni mwalimu, na kama walimu wengi nilidhani najua. Nilidhani kwamba bakteria wote ni adui, na kwamba utumbo ulio salama ni utumbo mtupu. Muuguzi alinisahihisha kwa upole. “Mwalimu,” alisema, “utumbo wa mtoto haukai mtupu. Wageni watakuja tu. La kuuliza ni wageni gani watakaotangulia.”

Mama mkwe aliyafahamu maneno hayo upesi kuliko mimi, kwa kuwa ni mkulima. Ardhi iliyolimwa karibuni katika miteremko ya Imenti haikai tupu. Usipowahi kupanda maharagwe, magugu yatakuwahi.

Mtoto aliyetimiza miezi yake hupokea bakteria wa mama yake wakati wa kuzaliwa, akapokea wengine anapowekwa kifuani, na wengine tena anaponyonya. Mwaka wa 1885 daktari Theodor Escherich alieleza habari za bakteria aliowaona katika vinyesi vya watoto wachanga. Baadaye kidogo, Henri Tissier wa Paris aliona katika watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la panda ya manati. Hao leo huitwa bifidobakteria. Katika maziwa ya mama mna aina zaidi ya mia moja za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa nini mama atoe chakula kisichomfaa mwanawe? Chakula hicho ni cha wageni. Bifidobakteria huzila sukari hizo, hutoa asidi, na asidi hiyo huwanyima nafasi bakteria waharibifu. Kumbe mama hampikii mtoto peke yake; huwapikia na walinzi wake.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hukosa mengi katika hayo. Mara nyingi huzaliwa kwa upasuaji, hutengwa na mama yake, tena hupewa viuavijasumu ambavyo huua bakteria wema pamoja na wabaya. Basi wanaotangulia kwake aghalabu ni bakteria wa hospitalini, na bifidobakteria huchelewa. Utumbo wake bado ni dhaifu. Hutokea ukavimba na sehemu yake ikafa, na maradhi hayo huweza kuua.

Siku ya sita tumbo la mwanetu lilivimba. Maziwa yalisimamishwa, dawa zikapitishwa mshipani. Kwa siku mbili mke wangu aliendelea kukamua maziwa yasiyokuwa na mnywaji, ili yasije yakamkauka. Sijaona kazi ngumu kuliko hiyo. Mama mkwe, kwa uchungu wake, alitaka mtoto apewe maji ya sukari na maziwa kidogo ya ng'ombe, kama walivyopewa watoto wa zamani.

“Mama,” nilimwambia, “shamba hili halijawa tayari kwa mbegu hiyo.”

Alininyamazia nusu siku.

Siku ya tatu uvimbe ulipungua. Maziwa ya mama yakarudishwa kidogo kidogo, mililita mbili kwa mara moja. Sisemi kwamba maziwa peke yake yalimwokoa. Dawa na wauguzi walifanya kazi yao. Hali ilipotulia, muuguzi alimfunga mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza. “Haya ndiyo niliyoyataka tangu nilipofika,” alisema. “Mtoto mdogo kama huyu, mahali pake ni kifuani.”

Alikuwa na haki. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilianzishwa hospitalini Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978. Na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kufuatia uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Mimi nilikuwa nimemhukumu mzee kwa kosa moja, nikakaribia kuyatupa maarifa yake yote.

Mwaka uliofuata, 2019, benki ya maziwa ya mama ilifunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya wachanga ambao mama zao hawana maziwa. Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka zile siku mbili za kukamua.

Mwanetu sasa anakwenda shule, na hushindana na nyanya yake kupanda maharagwe. Nawe, msomaji, unapoosha mikono yako, na uioshe vema, kumbuka kwamba usafi si utupu. Ulipokuwa mdogo usiyejua lolote, palikuwa na mtu aliyekuchagulia wageni wako wa kwanza, akawalisha pamoja nawe.