Sumu Haichagui Samaki

Oda iliingia saa tano usiku. Kurasa sita, zikamilike kufikia asubuhi. Mwanafunzi fulani ng'ambo alitaka insha kuhusu jinsi magonjwa ya virusi yanavyosambaa kati ya aina mbalimbali za samaki kwenye mabwawa ya ufugaji. Kama hujui kazi hii, ni hivi: mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, huwaandikia watu wa mbali ili wao wasiache. Malipo ni kwa ukurasa. Jina langu halipo popote.

Kwa kawaida sichagui mada. Nimeandika kuhusu uuguzi, madaraja, hata ndoa za Waroma. Lakini nilipoona neno bwawa nilifunga kompyuta, nikatoka nje ya keja, nikasimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne kama mtu aliyepigiwa simu ya matanga.

Ocha kwetu, huko Kakamega, Kuka wangu ana bwawa. Lilichimbwa wakati ule wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi, ulioanza 2009, ambapo kila eneo bunge kati ya yale 140 ya mwanzo lilipangiwa mabwawa 200. Bwawa moja lilikuwa la mita 300 za mraba, linalotosha vifaranga elfu moja. Miaka michache baadaye, mengi yaligeuka kuwa makao ya vyura na majani. La Kuka pia. Mpaka nilipoanza kudaiwa karo.

Kuka aliuza ng'ombe. Akafyeka, akatengeneza kingo, akanunua vifaranga elfu moja wa tilapia na kambare mia moja, kwa sababu tilapia huzaana ovyo na kambare huwala wale watoto. Hesabu ilikuwa rahisi: baada ya miezi minane tuwavue, tuwauze sokoni, mimi nirudi darasani.

Mwezi wa tano wakaanza kufa. Si wote mara moja. Leo wanne, kesho tisa, keshokutwa ishirini. Walielea ubavuni mwa bwawa, macho yamevimba na kuingia ukungu, ngozi ina vidonda. Ilichukua kama wiki mbili. Kambare walikuwa wazima kabisa, wakinenepa kwa kula wenzao.

Kuka alishajua mchawi ni nani. Ndugu yake mdogo, ambaye nasi tunamwita Kuka, ana shamba upande wa juu na ana ng'ombe anaowanyunyizia dawa ya kupe. Walikuwa na kesi ya mpaka kwa chifu. "Amemwaga dawa kwenye mfereji," Kuka akasema, na akalisema tena kanisani, mbele ya watu. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Mmoja akifiwa, mwingine hutuma mtoto.

Mimi sikurudi chuo. Nilikuja Nairobi na mkoba mmoja.

Sasa rudi nami kwenye ile oda. Saa sita usiku nilikuwa nasoma kuhusu Israeli, ambako wafugaji huchanganya samaki kama sisi: tilapia, kapi na mikizi ndani ya bwawa moja. Kuanzia 2009, tilapia wao walianza kufa kwa wingi, na pia wale wa Ziwa Galilaya. Mwaka 2014 wanasayansi wakatangaza kwamba wamepata kisababishi, kirusi kipya wakakiita TiLV. Nikasoma dalili: macho yenye ukungu, ngozi iliyochubuka, samaki wanaozubaa. Kisha nikasoma kwamba kapi na mikizi waliokuwa kwenye maji yaleyale hawakuguswa.

Nilisoma hapo mara tatu.

Kirusi hakiingii kila mwili. Ni kama ufunguo: kinahitaji kitasa chake kwenye seli. Tilapia ana kitasa hicho, mwingine hana. Watafiti wa Thailand walijaribu kwa kudunga TiLV samaki wa aina kadhaa. Kambare wa kule na kapi walihimili, lakini gourami mkubwa, samaki asiye hata wa ukoo wa tilapia, akaugua na kufa. Kwa hiyo huwezi kukisia kwa kuangalia nani anafanana na nani.

Na kuna jambo baya kuliko kufa, nalo ni kutokufa. Kapi walipopata kirusi chao cha herpesi, kilicholipuka mwaka 1998 huko Israeli na Marekani, walikufa kwa maelfu. Wale samaki wa dhahabu wa kwenye vioo vya sebuleni, ambao ni jamaa zao, wanaweza kukibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Unamweka mgeni mzuri bwawani, anaogelea vizuri, na wenyeji wanakufa. Hata kwetu, utafiti uliotoka 2018 ulikuta chembe za TiLV kwenye tilapia wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania, samaki ambao kwa macho hawakuwa na tatizo.

Kinasafiri vipi? Kwa maji, kwa ute na kinyesi cha samaki mgonjwa, kwa vifaranga waliotoka kwa wazazi wenye nacho. Kwa ndoo. Kwa wavu ambao haujaoshwa na kuanikwa juani.

Hakuna aliyewahi kupima samaki wa Kuka, kwa hiyo sitakiita kirusi kwa jina. Kambare ni wagumu pia, hata hewa ya juu wanavuta, kwa hiyo uzima wao peke yake si ushahidi. Lakini dawa ya kupe ikiingia bwawani haingoji wiki mbili. Inaua usiku mmoja, na haianzi na wanne. Vyura wetu waliimba kila jioni wakati tilapia wanaoza.

Niliituma ile insha saa kumi na moja alfajiri. Mteja akanipa nyota tano. Saa moja nikampigia Kuka.

"Kuka, shikamoo. Umeamkaje?"

"Tumeamka. Mbona mapema? Kuna mgonjwa?"

Nikamweleza polepole, bila kurukaruka. Macho, vidonda, wiki mbili, vyura. Nikamwambia sumu haichagui samaki. Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama salio limeisha.

"Kwa hivyo si yule," akasema. Hakutaja jina.

"Sidhani ni yeye, Kuka."

"Na huo ugonjwa uliingilia wapi? Vifaranga walikaa miezi mitano wazima."

Hapo ndipo nilitamani salio liishe kweli. Kwa sababu mwezi ule wa tano nilikuwa nyumbani likizoni. Tulitaka kuwavua wachache tupime uzito, hatukuwa na wavu, nikaenda kukopa kwa rafiki niliyesoma naye, vijiji viwili kutoka kwetu. Nilimkuta akizika samaki kadhaa. "Ni baridi tu," aliniambia. Niliubeba ule wavu kwa bodaboda ukiwa bado unadondosha maji mgongoni mwangu, nikautumbukiza bwawani mchana uleule. Wafu wa kwanza walielea wiki iliyofuata.

Nimeandikia watu wengi maneno ambayo si yangu. Haya yalikuwa yangu, na yalikataa kutoka. Yalipotoka, niliyasema yote: wavu, rafiki, samaki waliozikwa.

Kuka akavuta pumzi. Nilisikia jogoo, na redio ya mtu.

"Wavu ulirudisha?"

"Nilirudisha."

"Ukamwambia mwenyewe wetu wamekufa?"

Sikuwa nimemwambia. Niliona aibu.

"Basi mpigie," akasema. "Wavu wa watu hauketi. Mimi wacha nivae viatu, niende huko juu."