Mchaichai wa Lamu na Maji ya Shela

Mgeni aingiapo nyumba ya Lamu baada ya Alasiri hulakiwa na harufu ya mchaichai kabla hajavua viatu. Majani mabichi hukatwa uani, hufungwa fundo, hutiwa katika maji yachemkayo pamoja na tangawizi iliyopondwa na iliki mbili. Kisha birika hufunikwa, harufu isitoroke na mvuke. Huinywa tumbo linapojaa gesi, au mafua yanapobisha. Sukari, kwa maoni yangu, huiharibu.

Lakini chai hiyo ni maji kwanza: mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Vilima hivyo vikijengwa majumba, na maji yakavutwa kupita kiasi, chumvi ya bahari huingia visimani. Nasi akina mama ndio tutakaoionja kwanza, birikani.